Skrini nzuri peke yake haitoshi
Umeuliza kama skrini bora inatosha kwa kampuni mpya kumng'oa mkongwe kwenye soko la mashine za gemu za mkononi. Hapana. Mwaka 1990 Sega walitoa Game Gear yenye skrini ya rangi na mwanga wake, wakati Game Boy ya Nintendo haikuwa na rangi wala taa. Lakini Game Gear ilimaliza betri 6 kwa saa chache tu; Game Boy ilitumia 4 na kudumu zaidi ya saa 10. Tena kule Marekani Game Boy ilikuja na gemu maarufu ya Tetris ndani ya boksi! Kwangu mimi gemu ndizo zinazoamua. PSP, mashine ya mkononi ya Sony, haikuifikia DS ya Nintendo kwa mauzo, ila iliuza takriban mashine milioni 80, na Japani ilibebwa sana na gemu ya Monster Hunter. Mgeni atafute kwanza gemu isiyopatikana kwingine, nguvu za mashine baadaye.