Uliharibika au uliharibiwa?

SWALI: Natunga maelezo ya Kiswahili ya filamu ya makala kuhusu mradi wa karanga wa Kongwa, Tanganyika, enzi za ukoloni wa Uingereza. Niliandika: "Mradi uliharibiwa na serikali ya Uingereza." Mhariri akabadilisha: "Mradi uliharibika." Anadai sentensi yangu ina upendeleo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Upendeleo umetokana na kupendelea, yaani kumpa mtu kuliko haki yake. Sentensi yako haimpendelei mtu, inalaumu. Kasoro hiyo, kama ipo, iite kuegemea upande.

Kazi hasa iko kwenye vitenzi. Kiambishi -ik- kinaeleza hali bila mtenda. Mtoto akiangusha kikombe hukimbilia hicho: "Mama, kikombe kimevunjika." Jaribu kusema "kimevunjika na Juma", sikio litakataa. Kwa hiyo "mradi uliharibika" si sentensi isiyoegemea upande, kama mhariri wako anavyoamini. Imemtoa mtenda kwenye picha, na filamu inayochunguza uamuzi wa serikali haiwezi kumpoteza aliyeamua.

Hata hivyo, na "uliharibiwa" yako imezidi kipimo. Mradi ulianza 1947, John Strachey akiwa waziri wa chakula wa Uingereza, kwa shabaha ya ekari zaidi ya milioni 3. Mvua za Kongwa ni haba, na udongo wake wa mfinyanzi ukikauka hushupaa kama saruji. Matrekta yaliharibika, na hapo -ik- imekaa mahali pake. Mvua haikuharibiwa na waziri yeyote. Kosa la serikali lilikuwa kuidhinisha kazi kubwa kiasi kile bila kulima kwanza shamba la majaribio, basi kitenzi kitaje hilo hilo.

Mimi ningeandika: "Serikali ya Uingereza iliidhinisha mradi bila kulima kwanza shamba la majaribio. Mvua ikawa haba, ardhi ikashupaa, matrekta yakaharibika. Januari 1951 serikali ikatangaza kuuacha." Kila kitenzi kina mwenyewe, na mtazamaji wa Kongwa, ambaye huenda babu yake alifyeka msitu ule, anaona nani alifanya nini.

Angalia na fedha. Usiseme pauni milioni 36 "zilipotea", kana kwamba ni mbuzi aliyekata kamba. Zilitumika, kisha serikali ikazifuta katika hesabu zake.

"Inasemekana" nayo humficha msemaji: popote ulipoitumia iondoe, au umtaje anayesema.

Mwisho, kudanganya na kukosea. Anayedanganya anaujua ukweli na kuuficha. Anayekosea haujui, au hakuutafuta. Popote ulipoandika kwamba serikali "iliwadanganya wananchi", uwe na waraka unaoonyesha kuwa wakati ule walikuwa wanajua. Kama huna, andika "ilikosea".