Anza katikati: ninavyofundisha maswali ya makundi yanayoingiliana

Wateja 100 waliulizwa wanatumia huduma gani kutuma na kupokea pesa kwa simu. M-Pesa walitaja 62, Airtel Money 45, HaloPesa 30. Wanaotumia M-Pesa na Airtel Money ni 20, M-Pesa na HaloPesa 15, Airtel Money na HaloPesa 14. Wenye zote tatu ni 8. Je, wangapi hawatumii hata moja?

Namba hizo nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya vijana wangu wa tuisheni, lakini yeyote aliyewahi kuzunguka mtaani na dodoso anaijua hali hii. Wengi wanaanza kwa kujumlisha 62, 45 na 30. Wakipata 137 wanaitazama ile 100, kisha wananiambia, "Mwalimu, swali limekosewa." Halijakosewa. Wengi wetu tuna laini mbili au tatu, kwa hiyo kuna aliyehesabiwa mara mbili na kuna aliyehesabiwa mara tatu.

Chora mstatili kabla ya duara lolote. Mstatili ndio wateja wote 100, na ukiuacha, wale wasiotumia huduma yoyote hawana pa kukaa. Ndani yake chora maduara matatu yanayopishana, yawe makubwa. Duara dogo kama kifungo cha shati litakunyima nafasi ya kuandika, na hapo ndipo namba huanza kuchanganywa.

Sasa anza katikati, panapokutana maduara yote: andika 8. Kisha njoo kwenye wale 20 wa M-Pesa na Airtel. Humo tayari wamo hao 8, maana mwenye zote tatu anazo pia hizi mbili. Kipande kinachobaki ni 12. Vivyo hivyo, 15 toa 8 ni 7, na 14 toa 8 ni 6. Ndipo utoke pembeni. Duara zima la M-Pesa lina 62. Toa 12, 7 na 8, wanabaki 35 wenye M-Pesa peke yake. Airtel peke yake ni 19, HaloPesa peke yake ni 9. Jumla ya vipande saba ni 96. Nje ya maduara, ndani ya mstatili, wamebaki 4.

Ukitaka kuhakiki bila mchoro, chukua 137, toa jumla ya wawili wawili, yaani 49, halafu rudisha 8. Unapata 96 ile ile. Kwa nini kurudisha? Mtu mwenye huduma zote tatu ulimhesabu mara tatu, kisha ukamtoa mara tatu, akawa hayumo kabisa. Lazima umrudishe mara moja. Kanuni hii ndiyo ninayoitumia pia swali likificha namba ya katikati. Ukiambiwa tu kwamba wasiotumia chochote ni 4, weka x katikati: 137 − 49 + x = 96, na x ni 8.

Pigia mstari neno "tu" na neno "pekee" kila unapoyaona. Swali letu halikusema "M-Pesa na Airtel tu". Jaribu kulisoma kana kwamba lilisema hivyo, uziache 20, 15 na 14 jinsi zilivyo: HaloPesa peke yake inakuwa 30 − 15 − 14 − 8, yaani hasi 7. Hakuna watu hasi saba. Ukikutana na hasi, usifute tu na kuandika sifuri (nimeyaona hayo). Rudi usome swali upya. Na kama ni takwimu halisi ulizokusanya, hiyo hasi inakuambia kuna dodoso lililojazwa au kujumlishwa vibaya.

John Venn, Mwingereza wa Cambridge aliyeeleza michoro hii mwaka 1880, alijua mpaka wake. Makundi matatu yanahitaji vipande 8 ukihesabu cha nje, manne yanahitaji 16. Maduara manne hayatoi zaidi ya vipande 14 hata uyapange vipi, ndiyo maana yeye kwa makundi manne alitumia maumbo ya yai. Mimi sihangaiki na mayai. Dodoso likiwa na majibu manne au matano, naweka jedwali kwenye kompyuta: kila mhojiwa mstari wake, kila jibu safu yake, 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana, halafu nahesabu mistari inayofanana.

Wakati mwingine hupewi mwingiliano kabisa. Ripoti inasema kati ya kaya 100, kaya 70 zina redio na 65 zina simu, basi. Hata hapo hujakwama. Jumla ni 135, kwa hiyo angalau kaya 35 zina vyote viwili, na haziwezi kuzidi 65. Kati ya hapo huwezi kujua bila kuwauliza tena, na mtu akikuambia "ni kama nusu", mwulize ameitoa wapi.