Kanisa la Mkunazini: maswali yenu

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

Ni kweli kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini?

Zipo, karibu na birika la ubatizo. Inasimuliwa kwamba Askofu Edward Steere alikuwa safarini, na mafundi, ambao hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, wakazigeuza. Aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Mimi kila nikienda huanzia hapo. Askofu tunamjua kwa jina. Wajenzi tunawajua kwa nguzo hizo.

Paa halina boriti wala mabati. Limeshikwa na nini?

Limejishika lenyewe. Ni tao moja refu la zege, saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na uzito wake unashukia kwenye kuta nene za pande mbili. Nyumba za Mji Mkongwe huezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba. Kwa boriti, ukumbi mpana hivi ungejaa nguzo katikati. Msingi uliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache tu baada ya Sultani Barghash kulifunga soko, na kazi ikamalizika 1880.

Vile vyumba vya chini ya ardhi wanavyooneshwa wageni, watumwa walifungiwa humo?

Jengo la jirani lenye vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari liwe hospitali, miaka ya 1890, wakati soko limeshafungwa. Mateso ya hapa yalikuwa makubwa mno; hayahitaji kuongezewa. Simama badala yake kwenye shimo la sanamu za Clara Sörnäs, za 1998: watu watano, minyororo shingoni. Usiharakishe.

Mimi ni Mwislamu, jirani wa kanisa. Lina nini letu?

Saa ya mnarani, ndugu yangu, husemwa ni zawadi ya Barghash. Na kuna lugha. Steere, aliyezikwa nyuma ya madhabahu, alijifunza Kiunguja kwa wenyeji, akaandika sarufi yake, akatafsiri Agano Jipya. Mwaka 1928, Mombasa, Kiunguja hicho hicho kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ukipita Jumapili utasikia ibada kwa lugha ya nyumbani kwako.