Nilipoolewa Bila Kumwambia Baba

Wiki iliyopita binti mmoja wa hapa Kisumu aliniandikia kwamba yeye na mchumba wake wamekwisha kupeleka ilani kwa msajili wa ndoa, kwamba wazazi wake hawajui lolote, na kwamba angependa nimthibitishie kuwa maisha ni yake. Mdogo wangu, umemwandikia mtu aliyekuwa na kichwa kigumu kuliko chako.

Mwaka 2016 nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya sosholojia pamoja na jeuri yake. Nilikuwa nimemsoma Anthony Giddens, Mwingereza aliyeandika mwaka 1992 kwamba katika jamii za kisasa watu huzidi kuingia katika uhusiano kwa ajili ya uhusiano wenyewe, na kudumu humo kadiri kila mmoja anavyoridhika, si kwa kusukumwa na mila wala ukoo. Maneno hayo niliyanoa yakawa panga. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo ilinidai umri wa miaka 18, ilani ya siku zisizopungua 21 na mashahidi wawili. Ridhaa ya baba yangu, mwalimu mstaafu wa kule Mbale, Vihiga, haikuidai. Tukatia sahihi, tukala samaki kando ya ziwa, basi.

Baba alipata habari kwa jirani aliyeonyeshwa picha kwenye simu. Kwa miaka mitatu kila fedha niliyomtumia kwa M-Pesa aliirudisha siku iyo hiyo, na ada ya kuirudisha akailipa kutoka kwenye pensheni yake. Hilo bado linaniuma. Nilipojifungua, mama alimuaga kwamba anakwenda kwenye chama, akapanda matatu, akapita Kiboswa na kunifikia Manyatta akiwa na mkungu wa ndizi na unga wa wimbi, akanikanda, kisha akawahi kurudi kabla ya giza. Alidanganya hivyo mara saba, mwanamke ambaye hata bei ya kuku hawezi kuidanganya. Ndugu yangu wa kike, aliyefuata kila utaratibu, alisubiri mwaka mzima kwa sababu baba hakutaka kuwapokea wazee wa upande wowote.

Ndipo nilipomwelewa Carol Smart, mwanasosholojia mwingine wa Uingereza, anayeshikilia kwamba mtu huchagua akiwa amefungamana na jamaa, kumbukumbu na wajibu. Mama hajamsoma, wala hakuhitaji.

Sikuambii uombe ruhusa. Nakuambia uende mwenyewe. Usitume ujumbe, usimtume shangazi; nenda mwenyewe, ukae, uambiwe maneno makali usoni, na ukirudi uolewe kama ulivyokusudia. Sisi tuliosoma tunajua kuzitaja haki zetu, lakini bili yake huwa tunawaachia mama zetu waifiche chini ya kanga.

Siku 21 ni nyingi. Mimi sikuitumia hata moja kwenda Mbale, na mpaka leo baba humwita mume wangu "yule bwana".