Re: Transista D1555 ya TV ya chogo siipati, nifanyeje?

Mkuu pole, ila usiitupe hiyo TV. Hiyo D1555 uliyoisoma juu ya transista (ile kubwa inayoendesha flaibeki, yaani transfoma ya volti kubwa ya TV) jina lake kamili ni 2SD1555, Wajapani hawachapi ile 2S, sasa ukitafuta "D1555" peke yake unaweza kukosa kumbe ipo. Ukikosa kabisa weka BU2508DF au BU508DF, zote ni za volti 1500 na zina daiodi ndani. Hapo kwenye daiodi ndo watu wanaumia sana, anapewa BU508A anaambiwa ni zilezile, anafunga, inaungua, maana hiyo A haina daiodi.

Kingine, ukipata mtu mwenye TV mbovu ya chogo iliyopasuka kioo mwombe bodi, hiyo ni hazina kweli, transista ya TV hiyo ya zamani huwa ni orijino kuliko nyingi mpya zenye maandishi yanayofutika kwa kidole. Ukiipima transista kwenye miguu yake ya base na emitter, mita itasoma makumi ya omu tu, usiseme imekufa, ina rezista ndani.

Ila kabla hujafunga, angalia kapasita ya volti 1600 iliyo jirani na flaibeki. Ikishuka thamani inaua kila transista utakayoweka. Badilisha kwa thamani ileile na volti zisiwe chini. Halafu washa mara ya kwanza ukiwa umeunga balbu ya wati 100 mfululizo na waya wa umeme, ikiwaka kwa nguvu muda wote zima haraka, bado kuna shoti.

Na tafadhali usiguse ile kofia ya mpira kwenye chogo kabla hujatoa chaji, yaani umeme wa volti kubwa unaobaki humo hata TV ikiwa imezimwa.