Posho ikikatika kabla ya mshahara wa kwanza

Kijana anamaliza mafunzo Ijumaa, Jumatatu anaripoti kazini, wiki ya pili haonekani. Mwajiri atasema vijana wa siku hizi hawajitumi. Mara nyingi tatizo ni hesabu tu: posho ilikoma siku ya mahafali, mshahara wa kwanza unatoka mwisho wa mwezi, na hapo katikati hana nauli. Mnapoandaa bajeti ya mradi wa kuwafundisha vijana kazi na kuwaunganisha na waajiri, tengeni fungu la nauli na chakula cha mchana kwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuajiriwa. Fungu hilo mlipe jina lake, maana likifichwa ndani ya "gharama nyinginezo" litakuwa la kwanza kufyekwa.

Posho ya wakati wa mafunzo nayo ilipwe kila wiki, tena mwanzoni mwa wiki. Kumrudishia mtu nauli yake kwa risiti mwisho wa mwezi ni kumtaka aukopeshe mradi. Mwenye mtoto mdogo aulizwe siku ya usaili mtoto atabaki na nani. Asiye na kitambulisho aanze kukifuatilia wiki ya kwanza, si baada ya mahafali, kwa sababu bila hicho waajiri wengi hawawezi kumwingiza kwenye orodha ya mishahara hata wakimpenda.

Kalenda ndiyo inayoua miradi mingi. Chukua ruzuku ya miezi 12: miezi 2 ya maandalizi na usajili, miezi 3 darasani na karakana, miezi 2 ya mafunzo kazini. Tayari ni mwezi wa saba, na kuwafuatilia walioajiriwa kwa siku 90 kunakufikisha wa kumi. Andiko la kuomba ruzuku linaloahidi awamu mbili za vijana mfululizo kwa muda huo linadanganya: awamu ya pili itaanza mwezi wa nane na kumaliza mafunzo kazini mwezi wa kumi na mbili, fedha zikiwa zimekwisha na ufuatiliaji haujaanza. Na hapo tumedhani malipo ya kwanza ya mfadhili yatafika kwa wakati! Wapo wafadhili wanaolipa baada ya nyinyi kutumia, kwa hiyo ulizeni hilo kabla ya kusaini.

Barua ya mwajiri isemayo "tunaunga mkono mradi huu" haina kazi. Inayofaa inataja nafasi ngapi, za kazi gani, zinafunguka lini, nani atamsimamia kijana na nani mwenye kauli ya kuajiri. Ikipatikana, mtaala utungwe kutokana nayo. Kununua vyerehani kwanza kisha kutafuta viwanda ni kuanza kinyume.

Kuna hila moja ambayo wafadhili wenyewe huichochea. Lengo likiwa idadi ya walioajiriwa tu, wasajili huchagua wale ambao wangepata kazi hata bila mradi. Andikeni tangu mwanzo ni nafasi ngapi za walioacha shule, za waliotoka gerezani, za wenye ulemavu, na mkubali kwamba asilimia ya ajira itashuka kidogo. Mfadhili makini hulielewa hilo likielezwa mapema. Likijitokeza kwenye ripoti ya mwisho litasomeka kama kisingizio.

Cheti nacho kieleze kijana anaweza kufanya nini. Katika utafiti mmoja wa Addis Ababa, vijana waliofundishwa kuomba kazi na kupewa cheti cha stadi zilizopimwa walikuwa na kipato kikubwa zaidi miaka 4 baadaye, ilhali faida ya kuwalipia nauli ya kutafuta kazi haikudumu. Cheti cha "kuhudhuria" hakimwambii mwajiri lolote.

Kwa ufuatiliaji, chukueni namba tatu za simu: yake, ya ndugu anayeishi naye, na ya rafiki. Pigeni siku ya 3, ya 14, ya 30 na ya 90 tangu aanze kazi. Ile ya siku ya 3 msiiruke, kwani siku hiyo ugomvi na msimamizi, kama upo, bado ni mdogo na unasuluhishika.