Unaondoka Malindi kwenda kusoma? Andika vitu vidogo kabla macho hayajazoea

Kila ikifika Julai hupata maswali yale yale kutoka kwa vijana wa Malindi, Watamu na Mambrui waliopata nafasi ya kusoma Italia. Koti lipi? Sanduku kilo ngapi? Nitapata wapi unga wa ugali? Hayo yana majibu mafupi, na utayapata kwa yeyote aliyetangulia. Ushauri wangu mimi ni mwingine: nunua daftari dogo la kuingia mfukoni, na wiki zako za mwanzo andika vitu vidogo unavyoviona mtaani. Wenyeji hawatakuambia mambo hayo, si kwa uchoyo, ila kwao si habari.

Nitatolea mfano mji wa Bologna, Italia, kwa sababu ndiko nilikosomea shahada ya uzamili. Ukienda Torino, Istanbul au Kuala Lumpur vitu vitabadilika, lakini kazi ya macho ni ile ile.

Sisi wa Malindi tuna faida moja ambayo hatuihesabu. Tumekua tukitazama wageni. Mtoto wetu anamwambia mzungu "Ciao", salamu ya Kiitaliano, kabla hajaanza shule, na anajua mambo ambayo mgeni wa wiki mbili hayaoni hata yakiwa mbele yake. Mgeni analalamika mapokezi ya hoteli kwamba bahari imechafuka, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Haulizi kwa nini. Kumbe mvua imenyesha bara, mto Sabaki umefurika na udongo wote umemwagika baharini. Mgeni mwingine anapanga kuogelea mchana, akifika anakuta maji yamekupwa na miamba iko nje. Kila mvuvi angemwambia, lakini hakuona cha kuuliza.

Mjomba wangu alitembeza watalii miaka mingi, na alikuwa na mtihani wake. Akishawapitisha sokoni huwauliza wameona nini. Wengi walisema rangi, harufu, umati. Mmoja mmoja alisema ameona nani anamsalimia nani kwanza. "Huyo," mjomba alikuwa akiniambia, "akirudi tena hatanihitaji."

Sasa zamu ni yako kuwa mgeni, na mtihani ni huo huo.

Anza na stesheni. Ukishuka Bologna Centrale na kutoka nje, kuna saa kubwa ukutani ambayo haitembei. Mishale imesimama kwenye 10:25, yaani saa nne na dakika 25 asubuhi kwa hesabu yetu. Mtu mwenye haraka atasema reli ya watu imeshindwa kutengeneza saa, ataangalia simu yake na kwenda zake. Ukiandika "saa ya stesheni imekufa" kisha ukamuuliza mtu mzima wa pale, utasikia habari nyingine. Tarehe 2 Agosti 1980, bomu lililipuka katika chumba cha kungojea treni cha daraja la pili. Watu 85 walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Saa imeachwa hivyo makusudi. Mzee niliyemuuliza hakunipa historia ya kitabuni. Alinieleza alikuwa wapi asubuhi ile, na nani alimpigia simu. Nikamwambia na sisi tunayo yetu, bomu la Nairobi, 7 Agosti 1998, nayo asubuhi kwenye saa nne na kitu, na kwamba mama yangu bado anakumbuka alikuwa akikuna nazi redio ilipotangaza. Tulizungumza mpaka treni yake ikafika. Kwa mgeni asiye na jamaa katika mji ule, mazungumzo ya namna hiyo ni mtaji.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Kitu kidogo usichokielewa kinakupa sababu ya kumsogelea mtu. Ukimuuliza mwenyeji "mji wenu ukoje?" atakujibu kwa adabu na kuendelea na safari. Muulize kwa nini sakafu ya njia inabadilika hapa na pale, atasimama.

Na sakafu ya Bologna inabadilika kweli. Mji ule umejaa njia zilizofunikwa, zenye nguzo na matao, zinazopita chini ya ghorofa za nyumba. Ukiziunganisha zinazidi kilomita 60, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Hayo utayasoma kwenye simu kabla ya kupanda ndege. Wageni wote hutembea wakiangalia juu kwenye matao. Angalia chini. Hatua chache ni vipande vya mawe vilivyosuguliwa, hatua chache ni saruji, halafu marumaru yenye nyufa. Sababu ni kwamba kila mwenye nyumba huwajibika na kipande kilicho mbele ya nyumba yake, ingawa mpita njia yeyote ana haki ya kupita. Sheria ya mji ya mwaka 1288 iliwalazimisha waliojenga nyumba mpya kuacha nafasi hiyo, tena yenye kimo cha kumtosha mtu aliyepanda farasi. Kwa mtu aliyekulia Pwani, jambo hilo haliko mbali: baraza la nyumba ya Mji wa Kale ni la mwenye nyumba, amelijenga kwa chokaa yake, lakini anayelikalia jioni ni mtaa mzima. Ukishaona hivyo, Bologna inaacha kuwa mji wa picha.

Nyumbani kwenyewe kuna mambo mengi kuliko mtaani, na hapa andika bila kuchoka. Nyumba nyingi Italia zina mkataba wa umeme wa kilowati 3. Washa oveni, mashine ya kufulia na pasi kwa pamoja, mita inajikata na mko gizani. Kwa hiyo utasikia mwenzako wa chumba akipaza sauti kutoka jikoni kabla ya kuwasha kitu, utadhani kuna ugomvi. Anauliza tu nani anatumia nini. Halafu kuna joto la nyumba. Katika ukanda wa Bologna, kwa kawaida sheria huruhusu kupasha nyumba joto kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, na si zaidi ya saa 14 kwa siku. Mtu wa Malindi anayefika Septemba atakuwa anatetemeka wiki ya kwanza ya Oktoba huku mabomba ya joto yakiwa baridi kama kaburi, na atamlaumu mwenye nyumba kwa ubahili. Mwenye nyumba hana kosa. Nunua blanketi nzito mapema, na tarehe hiyo iandike kwenye jalada la daftari.

Dukani, tazama kabla ya kushika. Kwenye supamaketi matunda huchaguliwa kwa glavu ya plastiki, kisha unayapima mwenyewe kwenye mizani, unabonyeza namba ya tunda na kubandika stika. Ukifika kwa keshia bila stika, foleni yote itakusubiri. Kwenye mikahawa ya kahawa, kuna sehemu unalipa kwanza ndipo unapeleka risiti kaunta, na mara nyingi ukinywa umesimama bei ni nafuu kuliko ukikaa. Habari kwamba kapuchino, kahawa ya maziwa, hainywewi baada ya chakula utaambiwa na kila mtu, usiipotezee ukurasa.

Chuoni ndiko nilikopata faida kubwa ya kutazama. Kipindi kilichoandikwa saa tatu mara nyingi huanza saa tatu na robo, na robo hiyo ni mila yao, mwalimu hajachelewa. Mitihani mingi ni ya mdomo. Alama za kufaulu ni kati ya 18 na 30, na mara nyingi profesa akishakutajia alama hungoja useme kama unaikubali. Ukikataa, unarudi kufanya siku nyingine. Huku kwetu alama hupewa, na anayeibishia ana ushujaa. Jambo ambalo halijaandikwa kwenye karatasi nyingi za wageni ni kwamba mitihani hiyo ya mdomo iko wazi, unaweza kuingia, kukaa nyuma na kusikiliza wenzako wakiulizwa. Niliona kundi la wanafunzi wamekaa kimya na madaftari kwenye chumba cha mtihani usiokuwa wao, nikakaa nao. Nilijifunza jinsi profesa yule anavyouliza, anakunja uso wakati gani, na kwamba hapendi mtu aanze na ufafanuzi wa kukariri. Fanya hivyo kabla ya mtihani wako wa kwanza. Hakuna kozi itakayokusaidia zaidi.

Kuhusu namna ya kuandika, nina neno moja tu. Andika kilichotokea, hukumu iache. Ukiandika "watu wa hapa hawana salamu", umefunga kitabu. Andika hivi: "Jumanne, basi la asubuhi, hakuna aliyemsalimu dereva. Duka la mikate, kila aliyeingia alisalimu." Hapo una kitu cha kufuatilia. Simu ipige picha ikitaka, lakini picha haionyeshi nani alimpisha nani mlangoni.

Chagua mahali pamoja pa kurudia. Mimi nilipenda soko la Mercato delle Erbe na mahali pa kufulia nguo kwa sarafu, maana mtu akingoja nguo hana pa kukimbilia. Waulize wazee. Wanafunzi wenzako wengi wametoka miji mingine na wanakisia kama wewe, na vikundi vya simu vya Wakenya, Mungu avibariki, vina majibu ya kila kitu na nusu yake ni uvumi.

Jambo jingine kwa waliojifunza Kiitaliano ufukweni: kile Kiitaliano chetu humwita kila mtu kama rafiki wa zamani. Kabla hujaenda ofisini, kaa kwenye foleni usikilize wengine wanavyomsemesha karani. Utasikia heshima inakaa wapi, kama mtoto anavyojifunza shikamoo kwa kusikia.

Karatasi za serikali hazihitaji macho, zinahitaji haraka. Maombi ya kibali cha ukaazi hupelekwa ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia, kupitia posta, na stempu ya euro 16 inauzwa kwenye maduka ya sigara yenye alama ya T. Malizana nayo kwanza ndipo utembee kwa raha.

Kufikia Desemba utaona kurasa zinapungua zenyewe. Usijilazimishe kila siku. Ukihisi umeanza kupita bila kuona, panda basi usilolijua mpaka mwisho wa njia, urudi kwa miguu ukitazama madirisha, majina kwenye kengele za milango, na nguo zilizoanikwa. Na chukua penseli. Kalamu za bei rahisi hugoma kuandika kwenye baridi ya Januari, na vidole vyako navyo vitakuwa vimegoma nusu.